Jibu la Aliyelala

Mgogo amwamkiapo mtu mmoja husema mbukwa. Awaamkiapo wengi husema mbukwenyi. Tofauti yake ni mwisho wa neno tu, walakini katika mwisho huo imo sheria nzima ya ujirani. Aliyeambiwa mbukwa ajua kuwa ndiye aliyetakwa, na asipoitika amekosa adabu. Walioambiwa mbukwenyi wameitwa kwa jumla, na mzigo wa kuitika umegawanyika juu ya vichwa vyao vyote, hata pengine kila mmoja akamngojea mwenziwe. Kiswahili nacho kina hodi, ambayo ni mwito wa namna ya tatu: hauna jina wala hesabu, haujui nani yumo ndani, na hauvuki kizingiti mpaka umejibiwa. Mwito wa mmoja, mwito wa wengi, na mwito wa yule asiyejua amwita nani: watu wamekuwa na mitatu hii tangu walipoanza kukaa nyumba jirani, na kila chombo kipya cha kupeleka maneno mbali kimelazimika kuijenga upya, mara nyingi baada ya hasara.

Ujenzi wa karibuni umefanywa na watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wanaorusha na kupokea mawimbi kwa kupenda elimu yake, bila ujira wala biashara, kwa leseni ya serikali zao. Katika Tanzania mambo hayo husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na mwenye leseni hupewa jina la hewani ambalo huanza kwa 5H, kama vile la Kenya huanza kwa 5Z na la Uganda kwa 5X. Zamani watu hao walizungumza kwa midomo, au kwa kugonga alama za Morse. Leo wengi wao huandika. Kompyuta hugeuza herufi kuwa sauti nyembamba, redio huzirusha sauti hizo, na kompyuta ya upande wa pili huzigeuza tena kuwa herufi, hata pale ambapo sikio la mtu halisikii kitu ila mvumo. Programu moja ya namna hii, JS8Call, iliyotolewa na Jordan Sherer wa Marekani mwaka 2018 juu ya msingi uliowekwa na Joe Taylor na Steve Franke mwaka uliotangulia, hukata wakati vipande vya sekunde 15 katika mwendo wake wa kawaida, na kila sauti yake huchukua upana wa hetsi 50 tu, hata watu wengi huweza kuketi pamoja katika nafasi ambayo msemaji mmoja wa mdomo angeijaza peke yake. Ndani ya msongamano huo kila mmoja huweza kumwita mwenziwe kwa jina. Mashine huyapokea maneno yote, ikayachambua, ikayatenga yale yenye jina la mwenyewe, na mengine ikayaacha yapite. Zaidi ya hayo, ikiulizwa, hujibu yenyewe.

Neno hili la mwisho ndilo lenye mashaka. Mashaka yake hayaonekani vema mjini, ambako aliyekosa jibu huku hulipata kule. Huonekana mahali kama Gulwe.

Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati katika wilaya ya Mpwapwa, yapata kilomita 90 kwa njia ya reli upande wa mashariki wa Dodoma. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914 hupanda kuelekea huko kwa kufuata bonde la mto, kati ya milima ya Rubeho na ya Ukaguru, na mto ulioonyesha njia ndio huo huo unaoidai. Mafuriko ya mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 yaliivunja reli kati ya Kilosa na Gulwe, tuta likachukuliwa na maji, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Milima inayolipamba bonde huzuia pia mawimbi ya redio yaendayo kwa mstari ulionyoka. Mtu atakaye kusikika Dodoma au Morogoro kutoka humo, pasipo mnara wala waya, yambidi atumie mawimbi mafupi na kuyarusha karibu wima, ili yagonge tabaka la juu la angahewa na kushuka ng'ambo ya milima. Mchana masafa ya kilohetsi 7000 na ushei hufaa kwa kazi hiyo. Usiku hufaa yale ya 3500. Hapana haja ya kudai kwamba Gulwe pana mtu mwenye chombo hicho. Yatosha kwamba anaweza kuwapo, na kwamba usiku wa mvua angekuwa na sababu ya kukiwasha.

Lakini kabla ya kuushitaki mwito wa kuchagua, haki yake isemwe. Ulizaliwa na uchovu wa sikio. Marubani wa masafa marefu, tangu miaka ya 1950, hutambuliwa kwa herufi nne, na kila herufi ni sauti moja. Kituo cha ardhini kikirusha sauti hizo nne, kengele hulia katika ndege hiyo peke yake, na rubani ambaye angekesha na mvumo wa mawimbi mafupi masikioni hupumzika mpaka aitwe. Nani atasema kuwa rubani huyo ni mvivu? Sikio lililochoka halichagui tena. Husikia kila kitu na kutosikia chochote. Afrika Mashariki ilionja taabu hiyo kwa namna yake. Huduma ya Madaktari Warukao, iliyoanzishwa mwaka 1957, iliunganisha hospitali za mbali na Nairobi kwa redio za mawimbi mafupi, na katika mtandao wa namna ile kila hospitali ilikaa juu ya masafa yale yale na wenzake. Mganga aliyetaka kusema habari ya mgonjwa wake alisikiliza kwanza habari za wagonjwa wa wengine. Ni shule njema ya subira, na pengine ya huruma. Walakini mtu mwenye wagonjwa 40 nje ya mlango hawezi kuketi shuleni mchana kutwa. Mashirika yaliyofuata yalipenda redio zenye namba, ambazo hunyamaza mpaka namba yao iitwe, na hakuna mwenye akili aliyewalaumu.

Basi kuchagua si dhambi. Swali ni kitu gani mtu hubaki nacho mikononi, cha kuwapa wengine, baada ya kuchagua.

Desturi za watu wa ridhaa zina majibu, ingawa hazijiiti falsafa. Desturi ya kwanza ni kusikiliza kabla ya kurusha. Mwenye leseni hana kiti chake hewani. Masafa si shamba lenye mipaka wala hayapimwi kwa kamba. Akitaka kusema hungoja, atazame kama pana mtu, na akiwa na shaka huuliza kama nafasi i tupu. Hiyo ndiyo hodi. Na tazama jinsi mwito wa kuchagua unavyoitia taabuni hodi hii: mtu aliyeziba maneno yote yasiyokuwa na jina lake huona ukurasa mweupe mbele yake, akadhani chumba kitupu, kumbe kimejaa watu wanaosemezana. Kwa hiyo waliozoea kazi hufundisha kwamba mashine ichague ya kuonyesha kwa mwenyewe, lakini kabla ya kurusha mwenyewe atazame yote. Ruhusa ya kutosoma maneno ya jirani si ruhusa ya kuyakanyaga.

Desturi ya pili ni ya jina. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano humtaka kila mrushaji wa ridhaa alitaje jina lake la hewani mara kwa mara. Ya tatu ni uwazi: kanuni hizo hizo hukataza kuyavika maneno fumbo kwa nia ya kuficha maana yake baina ya nchi na nchi. Wageni wa mambo haya hudhani kwamba mwito wa jina ni siri, kama barua iliyofungwa kwa gundi. Sivyo. Anayemwita mmoja kwa jina hewani ni kama anayemwita mtu kutoka dirishani mwa behewa: jukwaa lote limesikia, ila mmoja tu ndiye anayetarajiwa kugeuka. Adabu ya waliosikia ni kufanya kana kwamba hawakusikia, na adabu ya aliyeita ni kutosema neno ambalo jukwaa halikustahili kulisikia. Heshima hiyo huenda pande zote mbili, na haikai katika mashine.

Ya nne ni mlango wa wote. Katika JS8Call, kama katika mtindo mwingine wa kuandika hewani uitwao FSQ, ambao ulitoka New Zealand, kuna mwito usio wa mtu mmoja bali wa kila asikiaye. Pasipo huo mgeni angekuwa bubu. Mwito wa kuchagua humtaka mwitaji ajue jina; naye aliyepatwa na msiba aghalabu hajui jina la mtu yeyote aliye karibu. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na mbiu haipigwi kwa majina. Hata hivyo programu humruhusu mtu kujitoa katika kundi la wote, na wengine hujitoa kwa kuchoshwa na kelele. Je, wamefanya vibaya? Mtu ana haki ya kulala. Ana haki hata ya kuzima chombo na kwenda shambani. Ridhaa ni ridhaa. Aliyejitolea kwa kupenda hawezi kugeuzwa mlinzi wa zamu bila ya kuulizwa. Ubaya, ukiwapo, hauko katika kufunga mlango. Uko mahali pengine, na kisa kimoja cha baharini chaweza kuuonyesha.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli Californian ilisimama kwa sababu ya barafu, na mtu wake wa redio akaipasha habari hiyo meli Titanic. Mwenziwe wa Titanic, aliyekuwa amezama katika kupeleka salamu za abiria kwenye kituo cha Cape Race, alimwambia anyamaze kwa kuwa ana kazi. Yule wa Californian, ambaye alikuwa peke yake na amekesha saa nyingi, alizima chombo chake yapata saa tano na nusu usiku akaenda kulala. Dakika chache baadaye Titanic iligonga barafu. Zaidi ya watu 1,500 walikufa. Meli Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ilisikia mwito wa taabu kwa sababu tu mtu wake wa redio alikuwa hajavua vifaa vya masikioni.

Kisa hiki husimuliwa kuwa ni kisa cha usingizi, na usingizi hubebeshwa lawama yote. Lakini mtu mmoja asiye na wa kumpokea lazima alale. Kimya cha Californian kilikuwa kimya cha kweli: hapakuwa na mtu, na chombo kilisema kwamba hapana mtu. Titanic iliendelea kuita, na kwa kuendelea kuita ilimpata Carpathia. Na sasa ifikiriwe kwamba Californian ilikuwa na mashine ya leo, iliyoachwa imewashwa mtu akaenda kulala. Mashine ikalisikia jina lake na kujibu: umesikika, nguvu ya sauti yako ni kadha, ujumbe umepokewa. Titanic ingeshukuru Mungu. Ingetaja mahali ilipo kwa meli iliyo karibu kuliko zote, na pengine isingemsihi mwingine kwa ukali ule ule. Jibu la aliyelala lingekuwa hatari kuliko kimya chake.

Waliotunga taratibu za bahari baadaye waliijua hatari hii, ingawa hawakuitaja kwa maneno ya maadili. Kwa miaka mingi, mpaka utaratibu mpya wa mwaka 1999, walikuwa na dakika tatu za kimya mara mbili katika kila saa, ambapo kila aliyekuwa na la kusema kwenye masafa ya taabu alinyamaza ili anyonge asikike; saa za vyumba vya redio zilitiwa rangi nyekundu mahali hapo. Ulikuwa utaratibu mzuri ajabu, na labda haujapata mrithi anayelingana nao. Utaratibu uliofuata ni wa mwito wa tarakimu: meli ina namba tisa, na nahodha aliye taabuni hubonyeza kitufe, mashine ikaita meli zote na kujirudia kila baada ya dakika nne hivi mpaka ijibiwe kwa mtambo wa namna yake. Hapo ndipo pana jambo la kutazamwa sana. Jibu la mashine hukomesha mwito. Kwa sababu hiyo meli zilizousikia zimefundishwa kutouharakia kwa kitufe: zisikilize, zijibu kwa sauti ya mtu, na jibu la kukomesha liachwe kwa kituo cha pwani, ambako kuna watu wa zamu walio macho na wenye uwezo wa kutuma msaada. Mabaharia walikubali kwamba kujibu si adabu tu. Kujibu ni kutwaa mzigo, na asiye na mabega asiutwae.

Na turudi bondeni. Ichukuliwe kwa mfano mwalimu wa Gulwe mwenye leseni na betri ya gari, usiku ambao maji yamepanda na simu zimenyamaza. Anawasha chombo kwenye kilohetsi 7078 jioni kabla masafa hayajafifia, na kutuma kile ambacho watu wa programu hii hukiita mapigo ya moyo, yaani ishara fupi ya kusema nipo. Baada ya nusu dakika anajibiwa: mtu wa Iringa, tuseme, amemsikia kwa nguvu ya kumi na nne chini ya sifuri. Si sauti kubwa, lakini kwa mashine yatosha. Mwalimu anamwandikia kwa jina: maji yameingia nyumba za chini, pana wazee na watoto, tafadhali wapashe habari Dodoma. Mashine ya Iringa inauhifadhi ujumbe katika kisanduku chake na kujibu kwamba umepokewa. Mwalimu anazima chombo ili betri isife, anakwenda kusaidia kuhamisha watu, na moyo wake umetulia. Huko Iringa taa imezimwa tangu magharibi. Mwenye chombo yuko harusini na atarudi kesho.

Madhara ya jibu hilo ni mawili, nalo la pili ni baya kuliko la kwanza. La kwanza limemnyamazisha aliyeita. La pili limemnyamazisha aliyekuwa macho. Kwa kuwa maneno yapitayo hewani yapo mbele ya wote, yamkini mtu wa Nairobi au Mwanza aliuona mwito wa mwalimu kwenye ukurasa wake, akanyosha mkono ajibu, kisha akaona Iringa amekwisha kujibu. Akaurudisha mkono. Si kwa ubaya. Kwa adabu ile ile iliyotajwa juu, ya kutojitia katika mazungumzo ya watu wawili walioitana kwa majina. Wema wake ndio uliomfunga. Kama Iringa pangekuwa kimya, angejibu.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja, tena zenye uzito. Husema kwamba mashine ijibuyo yenyewe humfanya mtu ajue njia gani ya hewani iko wazi, jambo ambalo zamani lilihitaji subira ya saa nyingi. Kwamba ujumbe uliohifadhiwa Iringa utasomwa kesho, na kesho si kitu kidogo kwa aliyekatika kwa wiki. Kwamba kituo kilicho juu ya mlima chaweza kupokezana maneno kati ya wawili wasiosikiana, hata mwenyewe akiwa shambani. Yote ni kweli. Kupokeza maneno ya wengine ni kazi ya hisani, na sheria za dunia, ambazo huwabana watu wa ridhaa wasiwe tarishi wa ujumbe wa watu wengine kutoka nchi hata nchi, hulegeza kamba kwa ajili ya dharura na maafa. Wakiambiwa wazime mashine zao kila watokapo, hewa itakuwa tupu na mwalimu wa Gulwe hatajibiwa na yeyote, wa kweli wala wa uongo. Mwenye kuandika sheria ya kuharamisha majibu ya mashine ameandika sheria rahisi, na maskini wa mawasiliano ndiye atakayeilipia.

Lakini hoja hizo hutetea kupokea. Hazitetei kujifanya umesikia. Wengine watasema mashine haina nia, na pasipo nia hapana uongo. Ni kweli kwamba mashine haisemi uongo, kama vile kinyago cha shambani hakidanganyi ndege. Aliyekisimamisha ndiye aliyewadanganya, naye alifanya hivyo kwa makusudi na kwa faida. Mwenye chombo cha Iringa hakuwa na makusudi mabaya wala faida. Alisahau tu, au alifikiri kwamba kuacha chombo kikijibu ni ukarimu. Uzembe wa namna hii ni mgumu kuupimia adhabu. Programu yenyewe humpa mtu njia ya kuyazima majibu, na desturi njema kila mahali ni kwamba aliyeacha mtambo ukirusha peke yake bado ndiye mwenye dhamana ya kila neno lililotoka kwa jina lake. Dhamana ni neno zuri. Walakini dhamana hulipa baada ya hasara. Mwalimu alitaka kujua kabla.

Hapa Kiswahili chaweza kuwafaa watu wa redio kuliko lugha walizozitumia kutunga mashine zao. Katika alama zao jibu la kupokea ni kifupisho kisicho na mtendaji. Hakisemi ni nani wala ni nini kilichopokea. Kiswahili hakimwachii msemaji wepesi huo. Akisema umepokewa, kiambishi ni cha ujumbe, na mtendaji ameachwa nje ya mlango; ni neno la karani wa posta, ambaye hugonga muhuri juu ya barua asiyoijua maana yake, wala hana kosa. Akisema nimesikia, ametia nafsi yake mbele ya kitendo. Herufi mbili zile, ni, ni za mtu. Haziwezi kutumiwa na kisanduku pasipo kuazima kinywa cha mtu. Na mwalimu wa Gulwe, kama yeyote aliyefunzwa nyumbani, ajua tofauti ya kupeleka habari kwa mtu na kuiacha mlangoni. Akiambiwa wazi kwamba ameiacha mlangoni, atakwenda nyumba ya pili.

Kwa hiyo kanuni inayohitajiwa ni ndogo, nayo haimnyimi mtu usingizi wala haiizimi mashine ya mlimani. Kila jibu litokalo bila mtu liseme kwamba limetoka bila mtu. Mashine iseme umepokewa, isiseme nimesikia; na asomaye umepokewa, awe mwenye kuita au mpita njia wa Nairobi, ajue kwamba mwito bado haujajibiwa, na adabu ya kutoingilia haijaanza kumfunga. Gharama yake ni herufi chache katika kipande kimoja cha sekunde 15. Wapo watakaonung'unika kwamba herufi chache hewani si chache, kwa kuwa njia ni nyembamba na sauti dhaifu hupotea. Na kwa kweli ufundi huu wote umejengwa juu ya ubahili wa herufi. Lakini ubahili umekwisha kupata nafasi ya kutaja nguvu ya sauti kwa tarakimu, habari ambayo mtu aliyezungukwa na maji haihitaji sana. Mahali palipopatikana kwa kumi na nne chini ya sifuri patapatikana kwa hili.

Mpaka kanuni hiyo ikubaliwe, mzigo umebaki kwa aliye taabuni, jambo ambalo si haki, ila ndivyo lilivyo. Hana budi kuendelea kuita hata baada ya kujibiwa. Wenye uzoefu wa dharura hupendelea pia kuhamia kwenye sauti ya mdomo, kwa mfano kwenye kilohetsi 7110, ambazo vyama vya ridhaa vya eneo linalojumlisha Afrika vimeziteua kuwa mahali pa kukutania wakati wa maafa. Huko kikohozi peke yake ni ushahidi. Akiwa hana nguvu ya betri ya kutosha kwa sauti, akabaki na maandishi yake, ipo alama moja ya kungojea. Mashine iliyoachwa peke yake hutoa tarakimu, hukiri, hurudia, hupeleka mbele. Haimwulizi mtu jambo ambalo halikuandikwa. Mwalimu aliyeandika kwamba maji yameingia nyumba za chini na awe na subira, asizime chombo, aendelee kutaja jina lake kwa wote, mpaka katika ukurasa wake litokee neno kama hili: mko wangapi, na mmekimbilia wapi?